Siku Mtani wa Karema Alipokosa Matusi

Tulieni, enyi wana wa Mpanda na vijiji vyake, mlioketi juu ya vigoda na mliosimama mlangoni mkijifanya mnapita tu. Mwenye mtoto anayelia na amnyonyeshe, mwenye sufuria jikoni na aipunguzie moto, mwenye kikohozi na akakohoe nje amalize kabisa. Habari hii si ya majemadari waliovuka mito wakiwa na mikuki, wala ya watemi walioketi juu ya ngozi za chui. Hao wamekwisha kusifiwa vya kutosha, na wengi wao hawakupata kupepeta hata ungo mmoja wa nafaka. Habari hii ni ya Eufrazia wa Kabungu, Mwenye Sauti Ipitayo Ukuta, mke wa karani na mama wa watoto sita, na ya siku ile tufani ilipoinuka kutoka Ziwa Tanganyika ikaja kumtafuta yeye na kimea chake.

Ndiyo, kimea. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele hakuna nafasi.

Ilikuwa katika miaka ile ya hamsini, watu wazima walipokuwa bado wanakimbilia stesheni kuitazama treni, na mgodi wa madini ya risasi ukivuta wanaume kutoka kila upande kama mzinga uvutavyo nyuki. Eufrazia alikuwa na kijana wake wa kwanza, Josephat, mrefu, mpole, asiye na haraka na jambo lolote isipokuwa moja: alimtaka Cecilia, binti wa kijiji cha Kasansa. Na Cecilia alikuwa na baba, naye ndiye Ubaldo, Simba wa Mpimbwe, Mzee wa Neno Moja, ambaye neno lake likishatoka halirudi ndani hata kwa kubembelezwa na maaskofu.

Neno alilotuma lilikuwa hili: "Nitakuja Jumapili. Nitaonja pombe ya mama atakayekaa na binti yangu. Nyumba isiyojua kuchachusha ulezi haijui kutunza mke. Ikinipendeza, tutazungumza. Isiponipendeza, nitawaaga."

Nyumba kadhaa zilikuwa zimekwisha kuagwa. Katika mojawapo mama wa mchumba alikuwa bado hajaweza kupita barabara ya sokoni bila kujifunika khanga usoni.

Basi Eufrazia alijifunga kibwebwe. Aliloweka ulezi, akaufunika kwa majani ya mgomba, akaungoja uote ndevu zake nyeupe, akauanika juani ukauke ili asage, apike, achachushe, na Jumapili imkute Ubaldo na kata mkononi. Kila mwanamke wa Mpanda ajua kwamba kimea kikilowa baada ya kuota huvunda, na pombe yake hunuka kama soksi ya askari aliyetoka doria. Na kila mwanamke ajua pia kwamba kimea kingine hakiwezi kuoteshwa kwa siku zilizobaki, hata kwa novena. Palikuwa na kimea kile, na hapakuwa na kingine. Josephat aoe au asioe, shauri lilikuwa kati ya jua na uwanja wa mama yake.

Upande wa pili wa habari hii iko Serikali.

Mwaka uliotangulia upepo ulikuwa umefika Mpanda bila hodi, ukalibeba paa la stoo ya Boma, ukalipeleka angani kama kofia ya mlevi, ukalitua katikati ya uwanja wa mpira, timu ya mgodi ikiwa inaongoza. Mpanda ilicheka hadi Kwaresima. Sasa Bwana Shauri wa wakati huo, mkuu wa wilaya, mtu mwekundu, mnyofu, mwenye masharubu yaliyopigwa pasi, angeweza kuvumilia upepo, lakini kuchekwa hakukuweza. Aliwakusanya watumishi wake barazani akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula:

"Tufani zetu hutoka ziwani! Karema hulowa kwanza, Mpanda hulowa baadaye. Basi kwa nini sisi tungoje kulowa ndipo tujue kwamba mvua imekuja? Tangu leo Karema itaona, Karema itasema, Mpanda itasikia, Mpanda itatenda! Na itatenda pale pale, si kesho!"

Watumishi wakapiga makofi, maana makofi hayana kodi.

Waya ukavutwa. Kule Karema, karibu na ufuko, akawekwa Isidori, Mlinzi wa Mawimbi, ndani ya kibanda chenye simu ya kuzungusha mkono, kopo la kupimia mvua, na kitambaa cha upepo juu ya mti mrefu. Asubuhi, mchana na jioni, na kila mbingu ilipobadilika rangi, alitakiwa kupiga simu. Huku Mpanda akawekwa Silvesta, Jemadari wa Wino, mume wa Eufrazia, apokee habari na kutoa amri. Amri yake ingemfikia tarishi Evodi, Mzee wa Vita vya Burma, ambaye angegonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya Boma hadi mji mzima usikie. Kisha turubai kubwa la Serikali lingetolewa stoo na kufunika mifuko ya saruji ya zahanati mpya, iliyokuwa imerundikwa nje nyuma ya Boma, kwa kuwa stoo yenyewe, kama tulivyokwisha kusema, haikuwa na paa.

Ulikuwa mpango mzuri. Ulisahau jambo moja tu, utani.

Isidori alikuwa Mfipa, wa kabila lisemwalo kuuza radi, na Silvesta alikuwa Mkonongo, wa kabila la warina asali, na wawili hawa walikuwa wameshikana utani kama kupe na ng'ombe. Na mtani, nani asiyejua? Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako, atachukua kofia yako aende nayo, atalala kifudifudi mbele ya jeneza la baba yako akisema marehemu anamdai kuku, nawe huna ruhusa ya kununa. Kwa hiyo habari za hewa za Serikali ya Malkia zilipita kwenye waya namna hii:

"Karema hapa! Anga nyeupe, upepo wa kumpepea mtoto mchanga, ewe Mkonongo uliyeng'atwa na nyuki mpaka ndani ya akili!"

"Mpanda nimesikia, ewe Mfipa fundi wa radi! Leo umeuza ngapi?"

"Nimebakiza moja. Nakuwekea wewe, kwa bei ya shemeji."

Tena kuna siku Isidori alipiga akasema kwamba tufani inakuja, ina pembe mbili na ndevu, na imeuliza nyumba ya Silvesta iko mtaa gani. Silvesta alikwisha kumwamuru Evodi anyanyue nyundo, kabla hajasikia kicheko upande wa pili wa waya. Siku hiyo aliapa kwa mizinga yote ya baba yake kwamba hatagonga reli tena kwa neno la Mfipa.

Na hapo ndipo Eufrazia anapoingia kwa miguu yote miwili.

"Baba Josephat," alimwambia mumewe Jumamosi jioni, zikiwa zimebaki siku nane Ubaldo afike, akimwekea mboga, "lile turubai la Serikali linafanya nini huko stoo?"

"Linangoja tufani."

"Tufani iko wapi?"

"Haijaja."

"Basi lingojee huku kwangu, likiwa chini ya kimea. Majamvi yangu yametoboka, na kimea kikianikwa juu ya turubai jeusi hukauka mara mbili."

Silvesta aliutazama ugali. Alimtazama mkewe. Alikumbuka kiapo chake cha kazi, akakumbuka pia kwamba angelala katika nyumba hii na si katika Boma. Alitoa ufunguo. Majemadari wakubwa kuliko yeye wamepoteza ngome kwa mboga mbaya zaidi.

Jumatatu ikafika. Jua lilikuwa kali tangu alfajiri, jua la mwisho wa kiangazi, na kimea kilitandazwa juu ya turubai katika uwanja nyuma ya nyumba za makarani, kikiwa na harufu tamu ya mkate usiookwa. Adui pekee alikuwa jogoo wa jirani, Regina. Kwa ajili ya jogoo huyo Eufrazia na Regina walikuwa hawajasalimiana tangu Ijumaa. Mchana Eufrazia alibeba chakula cha mumewe, ugali na samaki wa ziwani, migebuka, akavuka njia kwenda Boma. Bwana Shauri alikuwa ametoka kukagua madaraja. Boma lilikuwa limelala.

Simu ikalia.

"Karema hapa," ilisema sauti ya Isidori. "Ndugu Silvesta, habari za mchana? Nyumbani hawajambo wote? Nisamehe kwa kukusumbua wakati wa chakula."

Silvesta alicheka mpaka mwiba wa mgebuka ukamkwama kooni.

"Ndugu yangu," sauti iliendelea, "nakuomba kwa heshima unisikilize. Wingu lilitoka upande wa Kongo, jeusi kama chungu cha matanga. Kopo la kupimia lilijaa kabla sijarudi mlangoni. Kitambaa cha upepo kimekwenda na mti wake. Mitumbwi imetupwa juu mpaka kwenye bustani ya mapadri. Huku kwetu limekwisha kupita, sasa linakuja kwenu. Tafadhali, bwana wangu."

"Bwana wangu!" Silvesta alimgeukia mkewe akipangusa machozi, mkono umefunika simu. "Umesikia? Mfipa huyu amepata mbinu mpya. Tangu asubuhi ananipigia, ananiita ndugu, ananiita bwana, ananiuliza hali ya watoto. Ananitega, nigonge reli mji unicheke!"

Eufrazia alikuwa ameshika bakuli la mchuzi. Aliliweka chini polepole.

"Tangu asubuhi," alisema. "Na hajakutukana?"

"Hata kidogo."

"Nipe hiyo simu."

Mwanamke hakuwa na ruhusa ya kushika simu ile. Ilikuwa imeandikwa ukutani, kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo haikumzuia. Aliikamata kama mtu akamatavyo shingo ya bata, akavuta pumzi, na ile sauti ipitayo ukuta ikaingia kwenye waya bila kuhitaji waya.

"Mtani! Ni mimi, Eufrazia! Ewe Mfipa mwenye kichwa kama kibuyu kilichoanguka mtini kikagonga jiwe, ukoo wako wote mnatembea na mwavuli kwa kuogopa radi zenu wenyewe! Unajibu nini?"

Kisha sauti ikasema taratibu:

"Nakubali, mama. Kichwa changu ndivyo kilivyo. Tafadhali, anueni vitu."

Enyi mnaosikiliza, nywele za Eufrazia zilisimama chini ya kitambaa. Mfipa amekubali! Tangu milima iumbwe mtani wa namna hii hakupata kulipokea tusi bila kulirudisha na nyongeza. Eufrazia alikwenda dirishani, akatazama magharibi. Upepo ulikuwa umekufa. Majani ya miombo yalining'inia kama nguo mbichi. Na juu ya vilima palisimama ukuta, mweusi chini, wa shaba juu, na ukuta ule ulikuwa unatembea.

"Gonga reli," alisema.

Silvesta alikuwa ameona pia. Kicheko kilikuwa kimemtoka, na pamoja nacho rangi ya uso. "Mama Josephat," alisema, naye sasa akanyanyuka akatoa hotuba iliyostahili barazani, "fikiri! Nikigonga reli, watakuja wote kutafuta turubai. Wataikuta stoo tupu. Watauliza, karani, turubai la Malkia liko wapi? Nami nijibu nini? Kwamba linalaliwa na ulezi wa mke wangu? Nitafukuzwa kazi mbele ya watu, na Jumapili Ubaldo atamkuta baba mkwe asiye na kazi na pombe isiyo na kimea! Tungoje kidogo. Ukaanue kimea kwanza, ulirudishe turubai kimyakimya, ndipo nigonge."

Hapo Eufrazia alijiona amesimama kwenye njia panda ya maisha yake. Kwa kungoja kidogo angeokoa kimea, punje kwa punje, bila mtu kujua. Lakini sokoni walikuwapo akina mama wenye unga wazi. Mgodini walikuwapo watu juu ya majukwaa. Na ile saruji ilikuwa ya zahanati, naye alikuwa na watoto sita na alikuwa amemzika wa saba, ambaye pengine zahanati ingemfaa. Hakutoa hotuba. Hakuwa na muda wa hotuba.

"Gonga sasa," alisema. "Turubai nitalileta mimi, na kimea nacho sikiachi. Ukiulizwa, sema nililichukua mimi. Nitajibu mwenyewe, mdomo ninao."

Akakimbia.

Nyuma yake reli ililia. Evodi, Mzee wa Burma, aliigonga kama mtu aliyeiwekea kinyongo, na mlio ule ukapita juu ya mabati na nyasi, na Mpanda yote ikainuka. Unga ukafunikwa, mbuzi wakavutwa, watoto wakaitwa kwa majina yao ya ubatizo. Kwenye kamba nguo ziliporwa kama nyara. Upepo wa kwanza ulikuwa umekwisha kuingia mjini, ukitupa vumbi machoni mwa watetezi wake.

Uwanjani Eufrazia alimkuta jogoo wa Regina amesimama katikati ya kimea kama mfalme juu ya nchi aliyoiteka. Alimwondoa kwa teke ambalo jogoo yule alilikumbuka hadi Krismasi, ambayo kwake haikufika. Kisha akatazama kazi iliyo mbele yake, na kwa mara ya kwanza siku ile moyo ulimshuka. Kimea kilikuwa kimetandaa kama mchanga wa ufuko. Kukizoa kwa ungo kungechukua muda ambao wingu halikuutoa.

"Mama Josephat!" Regina alikuwa amesimama mpakani, mikono kiunoni, khanga ikipigwa na upepo. "Si uliniambia nisikanyage uwanja wako tena?"

"Kanyaga!"

"Mimi na jogoo wangu?"

"Kanyaga, Regina, nitakuomba radhi kesho! Shika pembe hiyo!"

Regina alipima mambo kwa haki: upande huu ugomvi, upande huu mvua. Akaruka mpaka. Wakakunja pembe za turubai na kimea kikiwa ndani, wakazifunga kwa kibwebwe cha mmoja na kitambaa cha kichwa cha mwingine, wakapitisha mti wa kuanikia nguo katikati, wakalinyanyua begani lile furushi kama wawindaji wanyanyuavyo nyati. Lilikuwa zito. Lilining'inia, likayumba, likawapiga mapajani kwa kila hatua.

"Nani huyo mmembeba?" aliita mzee mmoja kutoka mlangoni, akivua kofia.

"Ni mkwe!" alijibu Regina.

"Mungu amlaze pema!"

Ngurumo ya kwanza iliwakuta wakikata kona ya Boma. Kule nyuma, mbele ya mifuko ya saruji, alisimama Silvesta akifungua na kufunga mikono, na Evodi amesimama wima, nyundo begani, akingoja turubai ambalo alijua vema halikuwamo stoo, lakini alikuwa na adabu ya kutosema.

"Mwaga kimea, tufunike!" alilia Silvesta.

"Nikimwage wapi? Kichwani kwako?" Eufrazia aligeuza macho huku na huku kama jemadari anayetafuta kilima. Na katika baraza la Boma, zimening'inia kwa mstari, nyekundu, zimejaa mchanga, hazijaguswa tangu zipakwe rangi, aliziona ndoo za Serikali za kuzimia moto.

"Evodi! Mwaga mchanga ule, lete ndoo!"

"Mama, hizi ni ndoo za moto!"

"Moto uko wapi?"

"Bado haujaja."

"Mvua imekuja. Lete!"

Evodi alikuwa amepigana chini ya wakubwa wengi, akajua sauti ya amri inayotiiwa na ile inayojadiliwa. Mchanga ulimwagika. Kimea kilimiminwa ndani ya ndoo nyekundu, moja baada ya nyingine, na kilichozidi kikaingia katika kofia ndefu ya tarishi mwenyewe, aliyeitoa kichwani bila kuombwa na kugeuza uso asione. Ndoo zikapangwa katikati ya mifuko ya saruji, bega kwa bega, mali ya zahanati na mali ya harusi. Turubai likatandazwa juu ya vyote. Mawe yakawekwa. Pembe moja ikakosa jiwe, na papo hapo upepo ukaishika, ukaanza kuinyanyua.

Eufrazia akaikalia.

Na mvua ikashuka. Haikunyesha, ilianguka, kama gunia lililokatwa kamba. Ilipiga mabati ya Boma mpaka mtu asisikie mawazo yake. Silvesta na Regina walikimbilia barazani. Eufrazia alibaki. Alikaa juu ya pembe ya turubai la Malkia, amenyoosha miguu, maji yakimtiririka puani, akiitazama tufani usoni kama mtu anayengojea mtoto mtukutu amalize kulia. Upepo ulivuta mara moja, ukavuta tena, lakini mama wa watoto sita hang'oki kwa urahisi. Mwishowe wingu lile lililotupa mitumbwi bustanini lilichoka, likaenda zake kuelekea Tabora, likinung'unika.

Bwana Shauri akarejea kwa miguu, gari lake likiwa limezama kwenye tope, masharubu yamelala. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya Boma. Alimkuta mwanamke ameketi juu ya turubai. Mwanamke akainuka, akainamisha kichwa kidogo, akasogea. Bwana Shauri akafunua. Saruji ilikuwa kavu kama majivu. Uso wake ukaanza kung'aa, kisha ukasimama katikati ya kung'aa.

"Kwa nini," aliuliza, "ndoo zangu za moto zina nyasi?"

Silvesta alirudi hatua moja nyuma ya mkewe.

"Si nyasi, Bwana, ni kimea," alisema Eufrazia. "Kilikuwa kinakauka juu ya turubai lako. Nililiazima mimi bila kukuuliza, huyu alinipa ufunguo kwa sababu namlisha. Saruji yako kavu, na kimea changu kikavu. Kama ni kunifunga, nifunge, lakini iwe baada ya Jumapili."

"Kwa nini baada ya Jumapili?"

"Baba mkwe wa mwanangu anakuja kuonja pombe."

Bwana Shauri aliyakamua maji masharubu yake. Inasemekana kwamba kule kwao Uingereza naye alikuwa na baba mkwe, mzee wa neno moja, na kwamba alikwisha kuagwa mara moja katika ujana wake. Alilifunika turubai tena kwa mikono yake mwenyewe.

"Na nani alijua kwamba habari ya Karema ni ya kweli? Karani ameniambia mara nyingi mtu yule ni mwongo."

"Si mwongo, Bwana, ni mtani. Leo hakututukana. Mtani akikuheshimu, anua vitu."

Hapo ndipo ilipotolewa ile amri ambayo wenye umri wa kutosha bado wanaicheka: Karema ikiwa na anga nyeupe, Karema itukane kama kawaida, Karema ikianza adabu, Mpanda igonge reli. Na kuhusu turubai, Bwana Shauri aliamuru lirudi stoo. Hakusema siku gani.

Jumapili ikafika, na Ubaldo akafika nayo, amevaa koti zito kwenye joto, fimbo mkononi. Uwanja wa Eufrazia ulijaa. Regina alikuwa wa kwanza kupewa kiti, na jogoo wake alikuwa amefungwa mguu. Isidori mwenyewe alikuja na lori la samaki ili amwone mwanamke aliyemwita kibuyu. Kata ikajazwa, ikapelekwa kwa mikono miwili kwa Mzee wa Neno Moja. Akanywa. Akafumba macho. Josephat alisahau kupumua, na mama yake, aliyekaa juu ya tufani bila kupepesa, alishika ukingo wa khanga yake akaukunjakunja kama msichana.

"Ongeza," alisema Ubaldo.

Vigelegele vilipasua anga. Na katikati ya shangwe Isidori akainuka, kibuyu mkononi, macho yamelowa, moyo umejaa.

"Ndugu zangu wapendwa," alisema kwa upole, "na wewe, ndugu yangu mpenzi Silvesta, naomba ruhusa kwa heshima niseme neno moja la shukrani..."

Hakumaliza. Uwanja mzima ulikuwa umeinuka. Akina mama walinyakua watoto, wanaume walinyakua mitungi, Evodi alikimbilia reli, na Ubaldo wa Kasansa, Simba wa Mpimbwe, alionekana akikimbia na mkeka wa watu kichwani.

"Kaeni chini, nyie wapumbavu!" alinguruma Isidori, akipigania kusikika. "Na wewe, Silvesta, Mkonongo mla masega na nyuki wake, kaa chini kabla sijakuuzia ile radi!"

Mpanda ikashusha pumzi. Anga ilikuwa nyeupe. Watu wakarudi, wakacheka, wakanywa, na posa ikazungumzwa ikaisha kabla ya jua kuzama.

Basi na ikumbukwe, popote ulezi unapoanikwa kutoka Karema hadi Kasansa, kwamba ilikuwapo siku ambapo Serikali iliijua mvua kabla haijanyesha, na mwanamke mmoja aliikalia pembe ya turubai mpaka tufani ikashindwa. Saruji haikulowa. Josephat alioa. Na katika kimea kile chote ililowa punje moja tu, iliyonasa kwenye nywele za Eufrazia wakati wa vita. Jioni ya Jumatatu ile alipokuwa akijifuta ilidondoka chini, na jogoo wa Regina, ambaye hajifunzi, akaila.